Anahitaji dume, hahitaji baba: kisa cha nondo wa Long Island

Novemba ikifika katikati, misitu ya Long Island, kile kisiwa kirefu kilicho ubavuni mwa jiji la New York, huwa imenyamaza. Majani yameshaanguka, baridi imeanza kuuma, na wadudu karibu wote ama wamekufa ama wamejichimbia. Huo ndio wakati ambao nondo mmoja anachagua kutoka ardhini. Dume ana mabawa ya kijivu na anaruka polepole kati ya mashina. Jike hana mabawa kabisa. Ukimwona unaweza kudhani ni punje ya kahawa iliyoota miguu. Anatambaa hadi kwenye shina lililo karibu, anapanda, anapandwa na dume huko huko njiani, kisha anaendelea mpaka kwenye vijiti vya juu na kutaga mayai mia hivi au zaidi, yamebanana kwa safu kama vyungu vidogo. Baada ya hapo anakufa. Mayai yanabaki yakipigwa na theluji mpaka miti ichipue.

Kisayansi anaitwa Alsophila pometaria. (Ni mdudu, jamaa wa kipepeo. Nondo za zege tuwaachie mafundi.) Kiwavi wake ni wa lile kundi linalotembea kwa kujikunja na kujinyoosha, kama mtu anayepima kitambaa kwa shubiri. Anakula miti ya aina nyingi, na kuna miaka anapozidi hadi msitu unabaki vijiti vitupu mwezi wa Mei. Wenye bustani wamekuwa wakimjua kwa sababu hiyo, na dawa yao ya zamani ni kuzungushia shina utepe wenye gundi, kwa kuwa jike asiye na mabawa hana njia nyingine ya kupanda juu.

Mimi nimempenda kwa sababu nyingine. Shuleni wengi wetu tulijibu mtihani kwa sentensi moja: uzazi wa kijinsia huleta tofauti, usio wa kijinsia huleta nakala, na nakala haziwezi kubadilika na mazingira. Nondo huyu haikanushi sentensi hiyo moja kwa moja. Anaichanganya, na mchanganyo wenyewe una mengi ya kufundisha kuliko sentensi.

Miaka ya 1970, Douglas Futuyma na mwanafunzi wake Charles Mitter, katika Chuo Kikuu cha Jimbo la New York kilichopo Stony Brook, walianza kumfuatilia mdudu huyu. Kilichoonekana mapema ni kwamba majike ni wengi kupita kiasi. Mwaka 1977 walieleza sababu. Ndani ya spishi hiyo moja kuna majike wa aina mbili wanaoishi pamoja. Wa kwanza wanazaa kama kawaida, mabinti na wana. Wa pili wanazaa mabinti karibu watupu, na kila binti ni nakala ya mama yake kijenetiki.

Na hapo pana kituko. Jike wa aina ya pili hawezi kuzaa bila kupandwa. Mbegu ya dume lazima iingie ndani ya yai ili yai lianze kukua, lakini jeni za dume hazichukuliwi. Bwana harusi amelipa mahari, ndoa imefungwa, watoto wamezaliwa, na katika ukoo wote hakuna hata mmoja mwenye damu yake. Tena dume huyo katoka wapi? Kwa kuwa majike wa nakala hawazai madume ila kwa nadra, dume ni mtoto wa jike wa kijinsia. Majike wa nakala wanaazima waume kutoka kwa majirani zao.

Utajuaje kwamba binti ni nakala ya mama, na wote wana sura moja ya kijivu? Wakati huo hakukuwa na njia rahisi ya kusoma DNA herufi kwa herufi. Walitumia elektroforesisi ya vimeng'enya, yaani protini zinazoendesha kazi za kemia mwilini. Unamsaga mdudu, unaweka maji yake kwenye kipande cha jeli, unapitisha umeme, halafu unapaka rangi inayoonyesha kimeng'enya fulani kimefika wapi. Jeni zenye tofauti ndogo hutengeneza vimeng'enya vinavyokwenda kwa mwendo tofauti, hivyo mdudu mwenye matoleo mawili ya jeni hiyo, tuyaite A na B, ataonyesha alama zote mbili.

Sasa mchukue mama mwenye AB. Akiwa anazaa kijinsia, watoto wake wenye AB hawawezi kutarajiwa kuzidi nusu, haidhuru baba ni nani. Baba akiwa AA, nusu ni AB na nusu AA. Akiwa BB, vivyo hivyo kwa upande wa pili. Akiwa AB, nusu ni AB, robo AA, robo BB. Akiwa na toleo la tatu, AB wanapungua zaidi. Kwa hiyo ukipima mabinti 10 wa mama mmoja ukakuta wote ni AB, bahati ya jambo hilo kutokea kwa uzazi wa kawaida ni chini ya moja kwa 1,000. Rudia kwenye jeni ya pili na ya tatu, nayo bahati inayeyuka kabisa. Naipenda hoja hii kwa sababu mtoto wa kidato cha nne anaweza kuikagua kwa penseli.

Swali kubwa lilikuja baada ya hapo. Ikiwa majike hawa ni nakala, je, msitu mzima umejaa nakala za mama mmoja? Majibu yalichapishwa mwaka 1979 na Mitter, Futuyma na wenzao Schneider na Hare. Hapakuwa na mama mmoja. Kulikuwa na mistari mingi tofauti ya nakala, yaani kloni nyingi. Chache zilikuwa za kawaida, unazikuta kila unapokwenda. Nyingine zilikuwa adimu, zinatokea mara moja moja. Na ikumbukwe kwamba kipimo chao kilitazama vimeng'enya vichache tu. Majike wawili wanaofanana kwenye vimeng'enya hivyo wanaweza kabisa kutofautiana kwenye jeni zisizopimwa, kwa hiyo hesabu ya kloni waliyoipata ni ya chini, haiwezi kuwa ya juu.

Hadi hapo mtu angeweza kusema: sawa, zipo tofauti, lakini huenda hazina maana yoyote, ni kama rangi ya kuku uani. Kilichonifanya niketi vizuri ni mpangilio wa kloni hizo ardhini. Walikusanya nondo kwenye maeneo yaliyotawaliwa na mialoni na mengine yaliyotawaliwa na mepo wekundu (jamaa wa mti wenye jani lililoko kwenye bendera ya Kanada). Maeneo haya yanaweza kuwa yamepakana kabisa. Lakini uwiano wa kloni ulibadilika ghafla ukitoka kwenye mialoni kuingia kwenye mepo. Kloni iliyokuwa nyingi huku ilikuwa chache kule, na kinyume chake.

Usifikiri mama ndiye anayechagua mti. Kiwavi akishiba hushuka na kujifukia chini ya mti ule ule, na jike akitoka Novemba hupanda shina la karibu. Wanaosafiri ni viwavi wadogo waliototolewa juzi, wanaojining'iniza kwa uzi na kubebwa na upepo kwenda wanakojua Mungu. Kama ni upepo tu unaogawa, kloni zingechanganyika. Lazima kuna kitu kinachozichuja upya kila mwaka.

Kitu hicho, kwa sehemu kubwa, ni kalenda.

Mepo mwekundu huchipua mapema, mwaloni huchelewa. Kiwavi aliyetotolewa kabla ya machipukizi kufunguka hana cha kula, na kwa ukubwa wake hawezi kungoja siku nyingi. Kuchelewa nako ni hasara. Huko Uingereza, Paul Feeny alishaonyesha mwaka 1970, kwenye mialoni ya Wytham karibu na Oxford, kwamba jani changa lina protini nyingi na ni laini, lakini wiki zinavyopita linakauka, linakuwa gumu na kujaa tanini, ile dutu kali inayokaza ulimi ukitafuna ganda la mti. Yeye alikuwa akimchunguza nondo mwingine wa msimu wa baridi, lakini tatizo la viwavi ni lile lile. Mlango wa kula unafunguliwa kwa siku chache. Ukifika mapema umefungwa, ukichelewa chakula kimeshakuwa mti mkavu.

Mayai ya kloni zinazopatikana kwa wingi kwenye mepo yalitotolewa mapema kuliko mayai ya kloni za kwenye mialoni, hata yakitunzwa mahali pamoja kwa joto lile lile. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yenye uzito. Yakiwa juu ya miti yao, mtu angedai kwamba mti wenyewe ndio unaobadilisha muda. Yakiwa pamoja maabara, tofauti iliyobaki ni ya kurithi. Kwa hiyo upepo unapomwangusha kiwavi wa kloni ya mepo juu ya mwaloni, anakuta vichipukizi bado vimefumba, anakufa njaa au anajitupa tena kwenye uzi. Mwaka unaofuata jeli inaonyesha kwamba kwenye mialoni kloni yake ni chache.

Hapo uteuzi wa asili umefanya kazi. Uwiano wa aina za kurithi unabadilika kutokana na nani kaishi na nani kafa, na hilo ndilo mageuko kwa maana yake ya msingi. Hakuna masharti kwamba lazima kuwe na baba.

Ila kuna tofauti, na naiona kubwa kuliko wengi wanavyoitilia maanani. Kwa wanaozaa kijinsia, jeni ya kutotolewa mapema inaweza kuachana na jeni ya mwili mdogo na kuungana na jeni ya mwili mkubwa katika kizazi kijacho. Kwa kloni, vyote vimefungwa furushi moja. Uteuzi unakubali furushi zima au unalikataa zima. Kloni yenye kalenda nzuri na kasoro kumi inabeba kasoro zake pamoja na kalenda yake. Mwanajenetiki Hermann Muller alieleza mwaka 1964 kwamba katika viumbe wa namna hii kasoro zinaongezeka tu, kama gurudumu lenye meno linalozunguka upande mmoja, kwa sababu hakuna kuchanganya kunakoweza kumrudisha mtoto asiye na kasoro za mama.

Mkulima wa Bukoba anaujua mfumo huu bila kuwahi kusikia neno kloni. Migomba ya ndizi za kupika haina mbegu za kupanda. Anachimbua chipukizi, anahamisha, na mgomba mpya ni mgomba ule ule wa babu yake. Hata hivyo migomba ya nyanda za juu ina majina mengi na tofauti ambazo jicho lake linazitambua, kwa sababu mabadiliko madogo ya jeni yametokea kwenye machipukizi kwa karne nyingi na watu wakayatunza. Kwenye migomba, basi, tofauti zimezaliwa ndani ya nakala zenyewe, polepole.

Nondo wetu hakungoja karne. Mwaka 1985 Lawrence Harshman na Futuyma walichunguza chanzo cha wingi wa kloni hizo. Matoleo ya jeni yaliyopatikana kwenye kloni yalikuwa yale yale yaliyopo kwenye kundi la kijinsia, ila yamepangwa kwa michanganyiko tofauti. Maelezo yanayoendana na hali hiyo ni kwamba mara kwa mara, kutoka kwa majike wa kijinsia, anazuka jike anayezaa nakala. Anatoka na karata alizogawiwa siku hiyo, na kuanzia hapo ukoo wake hauchanganyi karata tena. Mwingine akizuka kesho atakuwa na mkono tofauti. Nyingi ya kloni hizi ni mbovu au za wastani na hupotea. Chache zinaangukia kwenye mkono unaofaa mwaloni au unaofaa mepo, zikazagaa.

Kwa hiyo ile tofauti ya kijenetiki iliyowashangaza watu ndani ya viumbe wa nakala ilitengenezwa na uzazi wa kijinsia wa jirani. Majike wa nakala wanaazima waume, na kumbe hata utofauti wao ni wa kuazima. Mtu akikwambia Alsophila amethibitisha kwamba viumbe vinaweza kuishi vizuri bila kuchanganya jeni, mwulize kloni mpya zinatoka wapi.

Wazo la kloni nyingi, kila moja ikiwa imegandishwa na kipande chake cha mazingira, lilipewa jina na nguvu na Robert Vrijenhoek, aliyekuwa akifanya kazi na visamaki wa Meksiko ambao nao wana mistari ya majike wa nakala. Upande wa pili alikuwepo Michael Lynch, aliyesema mwaka 1984 kwamba kloni inayodumu ni ile inayovumilia kila hali, si bingwa wa hali moja. Mwaloni na mepo vinamwelekea Vrijenhoek. Hata hivyo zile kloni chache zinazokutwa kila mahali zinanifanya nisimfukuze Lynch chumbani.

Linabaki fumbo la hesabu. Chukua jike wa kijinsia na jike wa nakala, na kila mmoja afanikiwe kukuza watoto wanne. Wa kwanza ana mabinti wawili na wana wawili, wa pili ana mabinti wanne. Nondo huyu ana kizazi kimoja kwa mwaka. Kila mwaka upande wa nakala unajiongezea mara mbili ukilinganisha na jirani, na kwa miaka 10 hiyo ni mara 1,024. Jike mmoja wa nakala katikati ya majike 1,000 wa kijinsia angewafikia kwa idadi kabla mtoto wa darasa la kwanza hajamaliza sekondari. John Maynard Smith ndiye aliyeiweka hesabu hii mezani mwa wanabiolojia wa miaka ya 1970, na Alsophila ni mahali adimu ambapo pande zote mbili zipo kwenye shina moja usiku mmoja.

Jibu la haraka ni kwamba kloni zikiwamaliza majike wa kijinsia, madume yatakwisha na kloni nazo zitakufa. Ni kweli, lakini jibu hilo halitoshi. Madume yakiwa machache, jike wa kijinsia naye anakosa mume sawa na mwenzake, na uteuzi hautazami mbele ukasema tuwaache hawa kwa faida ya kesho. Uhaba wa madume unaweza kuumaliza msitu mmoja mzima, nakala na wasio nakala. Kinachosaidia ni kwamba madume yana mabawa na msitu si mmoja. Yanavuka kutoka kiambo chenye majike wengi wa kijinsia kwenda kisichokuwa nao, na viwavi nao wanapeperushwa, hivyo palipokufa panajazwa upya. Na kila kloni inashindana na kundi ambalo kila mwaka linagawa karata upya. Nadhani mizani iko hapo, kwenye viambo vingi vinavyokufa na kujazwa, wala si ndani ya kiambo kimoja.

Ili kuona ingekuwaje kama mdudu angeachana na dume moja kwa moja, inabidi tuvuke bahari hadi milima ya Alpi. Huko yupo nondo mdogo anayeishi ndani ya kifuko cha hariri kilichobandikwa chembe za mchanga, Solenobia triquetrella, ambaye Jakob Seiler wa Zürich alimfuatilia kwa miongo mingi. Ana aina tatu: moja ya kijinsia, na mbili zisizo na madume, ambazo moja ina seti mbili za kromosomu (nyuzi zinazobeba jeni) na nyingine seti nne. Ile ya kijinsia imebanwa kwenye maeneo machache karibu na mahali ambapo barafu ya zama za mwisho haikufunika. Zisizo na madume zimeenea mbali, zikiifuata ardhi iliyoachwa wazi na barafu.

Kwenye yai la jike asiyehitaji dume, baada ya mgawanyiko, viini viwili vya katikati huungana vyenyewe na kurudisha seti kamili, bila mbegu yoyote. Kwa mnyama mwingine njia hii ingepoteza sehemu ya tofauti kati ya matoleo mawili ya jeni kila kizazi. Lakini kwa vipepeo na nondo, kromosomu za jike hazibadilishani vipande wakati wa kutengeneza yai, kwa hiyo viini hivyo vikiungana vinarudisha alichokuwa nacho mama. Juhani Lokki na wenzake wa Finland walipowapima kwa elektroforesisi mwaka 1975, walikuta aina nyingi za kijenetiki, zikitofautiana kutoka mahali hadi mahali. Kwa hiyo hata pasipo mume wa kuazima tofauti zimo, zilizobebwa kutoka kwa mababu wa kijinsia zaidi ya mmoja.

Unaweza kuwatenganisha kwa macho wanapotoka kwenye vifuko vyao. Jike wa kijinsia hutoka, akakaa juu ya kifuko na kumngoja dume. Asiyehitaji dume hugeuka pale pale akaanza kutaga. Jike wa nakala wa Alsophila yuko katikati yao: mabinti zake ni nakala tupu, na bado kila Novemba inabidi akae kwenye shina, kwenye baridi, amngoje.